Skafu na Soksi za Kufuma kwa Mkono: Mwongozo Kamili wa Zawadi za Sikukuu

Zawadi ya kufuma huharibika mapema, mara nyingi kabla kitanzi cha kwanza hakijapanda sindanoni. Skafu inayowasha shingo na soksi isiyopita kisigino huishia kabatini hata kama zimefumwa kwa mkono mzuri, kwa sababu aliyefuma alikosea uzi au hakupima. Ndiyo maana mwongozo huu unatumia muda mwingi kwenye uzi, vipimo na kisigino, na muda mchache kwenye mambo ambayo mikono yenyewe itayazoea.

Kama hujawahi kufuma kabisa, anza na skafu. Soksi ifuate baada ya pleni na pali, mishono miwili ya msingi ya kufuma, kutulia mikononi.

Uzi

Kwa skafu tafuta uzi wa unene wa wastani, ule ambao gramu 100 zina mita 200 hivi, pamoja na sindano za milimita 5. Chukua gramu 250. Mfumo tutakaoutumia unakula uzi kuliko ufumaji wa pleni tupu, na ukinunua gramu 200 tu unaweza kukwama skafu ikiwa bado fupi.

Kwa soksi chukua uzi mwembamba kidogo, wa mita 200 hadi 250 kwa gramu 100, wenye sufu na nailoni, pamoja na seti ya sindano fupi tano za milimita 3 zenye ncha pande zote mbili. Gramu 150 zinatosha jozi moja ya mtu mzima na kubakiza uzi wa kuzibia matundu baadaye. Nailoni ndiyo inayoiokoa soksi kisigino na vidoleni, mahali ambapo kiatu kinasugua. Pamba tupu hainyumbuki vizuri: soksi yake hulegea na kushuka. Upo uzi mwembamba zaidi wa soksi, wa mita 400 kwa gramu 100, nao ni mzuri sana, lakini una vitanzi 64 kwa kila mzunguko badala ya 48. Kwa jozi ya kwanza yenye tarehe ya mwisho, usijitwishe mzigo huo.

Kabla ya kulipa, soma karatasi inayozunguka donge la uzi. Mambo matatu ni ya lazima. Kwanza, namba ya rangi na namba ya mkupuo wa kutia rangi: madonge yote yawe na namba moja, maana mikupuo miwili ya rangi ileile huweza kutofautiana, na tofauti hiyo huonekana skafu ikishakunjuliwa juani. Ukikosa madonge ya mkupuo mmoja, badilisha madonge mawili kila baada ya mistari miwili ili rangi zichanganyike. Pili, maelekezo ya kufua. Sufu isiyotiwa dawa ya kuzuia kusinyaa, ikikutana na maji ya moto na kusuguliwa, hujikaza na kuwa ngumu kama kofia ya sufu iliyoshindiliwa, na hairudi tena. Kama unayempa hufua kila kitu pamoja, mchagulie sufu inayostahimili mashine au akriliki. Tatu, ulaini. Usiujaribu kwa vidole, vidole vimezoea mengi. Uweke chini ya kidevu kwa dakika mbili. Ukikuwasha wewe, utamwasha na yeye.

Ongeza futi ya kupimia, mkasi, sindano butu yenye tundu kubwa, ndoano ya kroshia na vipete vidogo vya kuwekea alama.

Pleni, pali na kosa linalojificha kati yao

Kwenye pleni, uzi unakaa nyuma ya kazi. Ingiza ncha ya sindano ya kulia ndani ya kitanzi kutoka mbele kwenda nyuma, zungusha uzi kwenye ncha, vuta kitanzi kipya kuja mbele, kisha uangushe kile cha zamani. Kwenye pali, uzi unakaa mbele. Ncha inaingia kutoka nyuma kuja mbele, uzi unazungushwa, kitanzi kipya kinasukumwa kwenda nyuma. Pleni huacha umbo kama herufi V, pali huacha kinundu.

Unapotoka pleni kwenda pali, lete uzi mbele ukipitia katikati ya sindano mbili. Unapotoka pali kwenda pleni, urudishe nyuma kwa njia hiyohiyo. Uzi ukipanda juu ya sindano ya kulia badala ya kupita katikati, umezaa kitanzi cha bure. Mstari unaofuata utakifuma kama vingine, tundu litatokea chini yake, na vitanzi 43 vitakuwa 44. Wanaoanza wengi huona skafu yao ikipanuka kadiri inavyorefuka, na sababu karibu kila mara ni hii. Dawa ni kuhesabu vitanzi kila baada ya mistari minne, mpaka mkono uzoee.

Skafu ya mstari mmoja unaojirudia

Skafu ya upande mmoja pleni na upande wa pili pali hujikunja pembeni kama gome la mti. Haisababishwi na mkono mbaya: umbo la pleni na umbo la pali havivuti sawa, kwa hiyo kitambaa lazima kikunjike, na pasi haiondoi hali hiyo kwa muda mrefu. Tumia mfumo wenye pleni na pali pamoja. Ninaoupendekeza hapa una matuta kila upande, unalala bapa, sura yake ni moja mbele na nyuma, na mstari wake ni mmoja tu wa kukariri. Unahitaji vitanzi vinavyogawanyika kwa 4, kisha uongeze 3.

Anza na kipande cha majaribio. Anzisha vitanzi 27, fuma mfumo ulioelezwa hapa chini hadi kimo cha sentimita 12, ukifue, ukilaze kikauke, ndipo upime upana. Tuseme vitanzi 27 vimetoa sentimita 12. Vitanzi 43 vitatoa sentimita 19, upana mzuri wa skafu ya mtu mzima. Kikiwa kigumu kama mkeka, ongeza ukubwa wa sindano kwa nusu milimita. Kikiwa kinaonyesha vidole upande wa pili, punguza. Kipande hiki hakipotei: kinakuonyesha kama rangi inachuja. Ukifue pamoja na kitambaa cheupe kabla hujaamua kuchanganya nyekundu na nyeupe kwenye skafu moja.

1. Acha mkia wa uzi wa mita moja, funga fundo la kitanzi, livishe sindanoni. Mkia uzunguke kidole gumba, uzi wa dongeni uzunguke kidole cha shahada, vidole vingine vizishike nyuzi zote mbili kiganjani. Pitisha ncha chini ya uzi wa mbele wa gumba, ichukue uzi wa kidole cha shahada, irudi kupitia kitanzi cha gumba, halafu kaza kidogo. Anzisha vitanzi 43. Mkia ukiisha kabla ya hesabu kutimia, fumua uanze na mkia mrefu zaidi. Usiunge uzi hapo.

2. Mstari wa kwanza: pleni 2, pali 2, rudia mpaka vibaki vitanzi 3, kisha pleni 2, pali 1.

3. Kila mstari unaofuata ni huohuo, ila kitanzi cha kwanza usikifume. Kihamishe tu kwenda sindano ya kulia, ukiingiza ncha kama unayetaka kufuma pleni, uzi ukiwa nyuma. Kisha pleni 1, pali 2, na kuendelea. Cha mwisho daima ni pali. Kingo za skafu zitapata mnyororo safi usiochakaa haraka.

4. Donge jipya lianze pembeni, kamwe si katikati. Acha mikia ya sentimita 15 kila upande na usifunge fundo. Fundo husikika shingoni, na hufunguka lenyewe siku usiyoitarajia.

5. Donge la kwanza la gramu 50 likiisha, pima urefu. Likiwa limetoa sentimita 35, matano yatatoa sentimita 175. Mtu mzima anatoshwa na sentimita 150 hadi 180, kwa hiyo mapema kabisa unajua kama uzi utafika.

6. Funga vitanzi ukibakiwa na uzi wenye urefu wa angalau mara nne ya upana. Tumia mkono wa kulia sindano ya milimita 5.5 au 6. Fuma viwili kwa kufuata mfumo, pitisha cha kwanza juu ya cha pili, fuma kingine, pitisha tena. Ukifunga kwa kukaza, mwisho wa skafu utabana kama mdomo wa mfuko.

Kitanzi kikianguka, usivute kitambaa. Kiangalie: kitanzi kimekaa wazi, na juu yake kuna nyuzi za mlalo kama vidato vya ngazi. Kwenye safu ya pleni tupu, ingiza ndoano ya kroshia ndani ya kitanzi kutoka mbele, nasa kidato cha chini kabisa, kivute kipite ndani ya kitanzi, panda kidato kinachofuata hadi juu. Kwenye mfumo huu baadhi ya safu zina pleni na pali kwa zamu, na kupanda ngazi kwake kunahitaji jicho lililozoea. Kwa hiyo, kila baada ya sentimita 20, pitisha uzi laini wa rangi nyingine ndani ya vitanzi vyote kwa sindano butu, uuache humo. Kikiharibika kitu huko juu, chomoa sindano, fumua, kazi itasimama kwenye uzi huo bila kupoteza kitanzi hata kimoja.

Kuhusu muda: kama kipande chako kina mistari 24 kwa sentimita 10, skafu ya sentimita 160 ina mistari 384. Pima mstari mmoja kwa saa. Dakika mbili kwa mstari ni karibu saa 13 za kazi. Dakika nne ni karibu saa 26. Rudi nyuma kwenye kalenda kutoka siku ya sikukuu, ukitoa wiki nzima ya kuficha mikia, kufua na kukausha. Sufu iliyolowa haiharakishwi.

Soksi: kipimo kwanza

Soksi lazima iwe ndogo kuliko mguu, la sivyo itateleza na kujikusanya ndani ya kiatu. Upana huwa pungufu kwa asilimia 10 na urefu pungufu kwa sentimita 1 hivi. Mguu wenye mzingo wa sentimita 22 unahitaji soksi ya sentimita 19.8. Kama kipande cha majaribio ulichofuma kwa uzi na sindano za soksi kina vitanzi 24 kwa sentimita 10, zidisha 19.8 kwa 2.4 upate 47.5, yaani 48. Hesabu zote hapa chini ni za vitanzi 48.

Kama ni zawadi ya siri, namba ya kiatu itakuambia urefu. Kwa namba za Ulaya, kiatu namba 38 ni mguu wa sentimita 24 hivi, na namba 42 ni sentimita 26.5 hivi.

Kitambaa cha soksi kiwe kimeshikana kuliko cha sweta, kwa sababu kilicholegea hutoboka upesi. Kama mkono wako ni mlegevu, shuka hadi milimita 2.75.

Mdomo na shingo ya soksi

Anzisha vitanzi 48 juu ya sindano ya milimita 4. Mdomo unatakiwa kunyumbuka upite kisigino, na vitanzi vilivyoanzishwa kwa kukaza vimeua soksi nyingi nzuri. Vigawe 12 kwa kila moja ya sindano nne za milimita 3. Ya tano ndiyo ya kufumia. Ziweke mezani zikiwa mraba, hakikisha ukingo wa chini wa vitanzi unaelekea ndani pande zote. Ukijisokota hata mara moja, hautanyooka tena. Unganisha kwa kubadilishana kitanzi cha kwanza na cha mwisho, weka kipete cha alama, fuma pleni 2 pali 2 kwa sentimita 5. Endelea na pleni tupu mpaka jumla ya sentimita 15.

Ngazi za nyuzi legevu hutokea pale sindano moja inapokutana na nyingine. Kaza kitanzi cha pili cha kila sindano, sio cha kwanza pekee. Ngazi zikiendelea, hamisha vitanzi viwili kutoka sindano hadi sindano kila mzunguko, ili makutano yasibaki mahali pamoja.

Kisigino

Hapa ndipo watu huogopa, na hofu huisha ukijua unajenga nini: ukuta wa nyuma, kikombe cha kukalia kisigino, kisha pembetatu mbili za kurudisha upana. Sindano ya 1 na ya 2 zina vitanzi 24 vya kisigino. Vikusanye kwenye sindano moja. 24 vya mbele vingoje.

Ukuta. Unafuma kwenda na kurudi. Upande wa nje: hamisha 1 bila kufuma, pleni 1, rudia hadi mwisho. Upande wa ndani: hamisha 1, pali vilivyobaki. Fuma mistari 24. Vitanzi vinavyohamishwa huufanya ukuta uwe mnene maradufu, na pembeni vinaacha minyororo 12 kila upande utakayoihitaji muda si mrefu.

Kikombe. Punguzo la kulia ni vitanzi viwili kufumwa pleni kwa pamoja. Punguzo la kushoto ni kuhamisha viwili, kimoja kimoja kama kwa pleni, kisha kuvifuma pamoja kupitia migongo yake.

Mstari wa 1: hamisha 1, pleni 12, punguzo la kushoto, pleni 1, geuza kazi. Vitanzi 8 vimebaki bila kuguswa, na ndivyo inavyotakiwa.
Mstari wa 2: hamisha 1, pali 3, pali viwili pamoja, pali 1, geuza. Upande huu pia vimebaki 8.
Mstari wa 3: hamisha 1, pleni mpaka kibaki kitanzi kimoja kabla ya pengo lililoachwa ulipogeuza kazi, punguzo la kushoto linalounganisha kitanzi kabla ya pengo na kimoja baada yake, pleni 1, geuza.
Mstari wa 4: vilevile kwa pali.

Rudia ya 3 na ya 4 mpaka vitanzi vyote viishe. Mistari yote ni 10 na vinabaki vitanzi 14. Ukipata 13 au 15, uliruka pengo mahali fulani. Fumua kikombe peke yake, ukuta uuache.

Pembetatu. Fuma vitanzi 14 kwa pleni. Kwa sindano hiyohiyo, okota vitanzi 12 kwenye minyororo ya pembeni mwa ukuta, na kimoja zaidi kwenye kona inapokutana na vitanzi vya mbele. Kile cha kona ndicho kinachoziba tundu ambalo kila soksi ya kwanza huwa nalo. Fuma 24 vya mbele, okota 1 cha kona na 12 vya upande wa pili, kisha fuma 7 vya kisigino. Sasa uko katikati ya wayo, na mzunguko unaanzia hapa. Sindano ya 1 ina 20, ya 2 ina 12, ya 3 ina 12, ya 4 ina 20: jumla 64.

Fuma mzunguko mmoja wa pleni, ukivifuma vile ulivyookota kupitia migongo yake ili vijikaze. Halafu:

Mzunguko wa kupunguza: sindano ya 1, pleni mpaka vibaki 3, punguzo la kulia, pleni 1. Sindano ya 2 na ya 3, pleni. Sindano ya 4, pleni 1, punguzo la kushoto, pleni hadi mwisho.
Mzunguko unaofuata: pleni tupu.

Rudia jozi hii mara 8, urudi kwenye 48.

Wayo na ncha

Fuma pleni mpaka soksi, ikipimwa kutoka nyuma ya kisigino, ifikie urefu wa soksi kutoa sentimita 4.5. Kwa mguu wa sentimita 24, soksi ni 23, kwa hiyo unaanza ncha ukifika 18.5. Pima ikiwa imelazwa bila kuvutwa.

Kwenye ncha, sindano ya 1 na ya 3: pleni mpaka vibaki 3, punguzo la kulia, pleni 1. Sindano ya 2 na ya 4: pleni 1, punguzo la kushoto, pleni. Vinapungua 4 kwa mara moja. Punguza mzunguko mmoja, fuma mmoja wa pleni tupu, mpaka vibaki 24. Kisha punguza mizunguko miwili mfululizo vibaki 16. Fuma vitanzi 4 vya sindano ya 1 kwa sindano ya 4, ili ubaki na 8 vya wayo na 8 vya juu.

Kata uzi ukiacha sentimita 30, uutie kwenye sindano butu. Shika sindano mbili sambamba, ya wayo nyuma, uzi ukitokea kulia. Maandalizi: pitisha uzi kwenye kitanzi cha kwanza cha mbele kama pali, kibaki, cha kwanza cha nyuma kama pleni, kibaki. Kisha rudia: mbele, kama pleni kitoke, kinachofuata kama pali kibaki, nyuma, kama pali kitoke, kinachofuata kama pleni kibaki. Vuta uzi ufanane na ukubwa wa vitanzi jirani. Usiachie kazi katikati kwenda kufungua mlango. Ukisahau ulikuwa hatua ipi, utaanza upya. Ukiona huwezi bado, endelea kupunguza hadi vitanzi 8, pitisha uzi ndani yake vyote na ukaze. Ncha itakuwa na duara dogo, na haitabana vidole.

Soksi ya pili ianze siku hiyohiyo, hata kama ni mdomo tu. Andika idadi ya mizunguko ya shingo na ya wayo kwa ya kwanza, ufuate namba badala ya futi. Jozi zinazopimwa kwa futi pekee hutofautiana sentimita moja au mbili.

Kumalizia

Ficha mikia kwa sindano butu upande wa ndani, sentimita 4 kwenda na 2 kurudi kwa mwelekeo tofauti. Loweka kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni laini kwa dakika 20, suuza kwa maji ya joto lilelile, zungushia taulo, kanyagia taulo maji yatoke. Usikamue kwa kusokota. Laza skafu bapa, uinyooshe kwa viganja hadi vipimo vyako. Akriliki isiguswe na pasi ya moto: joto huyeyusha unyumbukaji wake, na kitambaa hubaki kimelegea daima.

Kunja skafu, usiitundike, maana uzito wake huivuta irefuke. Kwenye karatasi ndogo andika aina ya uzi, maji ya kufulia na namna ya kukausha. Kwa soksi, zungushia kwenye kadi mita tano za uzi uliobaki, uziambatanishe na jozi, na umwonyeshe mpokeaji kisigino kilipo chembamba zaidi, hapo kwenye mstari ambapo ukuta unakutana na kikombe, ili alizibe tundu likiwa bado na upana wa kitanzi kimoja.